Soksi Juu ya Kamera ya Macalder

Saa moja asubuhi, Dolphine Awuor anafungua duka lake la kununua dhahabu hapa Macalder, kaunti ya Migori. Kitu cha kwanza anachotazama si mizani. Anatazama juu ya kabati, kwenye kamera iliyovishwa soksi ya shule.

Soksi ni ya Liz, bintiye wa miaka tisa. Mwenyewe hayupo. Amepelekwa kwa nyanyake huko Lambwe, kaunti ya Homa Bay, na mamake anaogopa kumrudisha.

"Nilikuwa nafagia, nikasikia kamera inakwaruza," anasimulia Dolphine kwa sauti ya chini. "Kugeuka, naona inaniangalia. Nikasogea, ikanifuata. Halafu mwanaume akaongea kutoka ndani yake, akasema, 'Mama Liz, leo mtoto amechelewa shule.' Nilikimbia hadi barabarani na ufagio mkononi."

Aliripoti kwa polisi, lakini hadi leo hakuna anayejua ni nani. Dolphine analala chumba cha nyuma ya duka, na usingizi wenyewe ni wa mang'amung'amu.

Wanunuzi wengine huwapa wachimbaji chai wanaposubiri zamu ya mizani. Dolphine aliwapa waifai. Ili asisumbuliwe kila saa, aliandika nywila mlangoni kwa rangi nyekundu, herufi kubwa za kusomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Kamera ilikuwa kwenye mtandao huohuo, na nywila yake ilikuwa ileile ya kiwandani.

Elkana Chacha, fundi wa mitandao kutoka Migori mjini, hakumficha. "Mama Liz, ulikuwa unaishi na mlango wazi," alimwambia.

Walipoenda kuchagua ruta mpya, Dolphine aling'ang'ania ile yenye antena nyingi. Elkana akakataa.

"Antena ni za kufikisha mawimbi mbali, hazizuii mtu. Chukua hii. Bado inapata masasisho, na inatenga wageni na watu wa nyumba."

Akawasha faiawoli, bawabu wa mtandao anayechuja kinachoingia na kutoka. Wachimbaji wakapata mtandao wao, kamera ikapata wake, nywila zote zikabadilishwa. Mlango aliupaka rangi Dolphine mwenyewe, mara tatu, mpaka wekundu ukapotea.

"Sasa niko salama?" akauliza.

"Kwa mtandao, ndiyo, tumeziba. Lakini huyo mtu tayari anakujua, na anamjua mtoto kwa jina. Hilo faiawoli haiwezi kulifuta."

Mpango wa Dolphine ni Liz arudi kabla ya shule kufunguliwa, walale tena kitanda kimoja. Asubuhi hii anajikaza, anaivua soksi. Kamera inatazama ukuta, imetulia. Anapiga simu Lambwe.

"Mama, mwambie Liz ajiandae, Jumamosi nakuja kumchukua."

Kabla hajajibiwa, mtu anabisha mlangoni.

"Mama Liz, waifai imerudi?" Ni sauti ya mwanaume.

Dolphine anageukia mlango, simu sikioni, akijaribu kukumbuka kama ameisikia mahali sauti hiyo.

"Mama," anasema hatimaye, polepole, "usimwambie mtoto kwanza."