Ramani Mbili za Galaksi Kwenye Kibanda cha Maji

Jumapili nilipigiwa simu kwamba mwalimu wangu wa fizikia, wa shule ya usiku pale Kawangware, ametutoka. Mapafu yalimshinda. Ninyi mnaonisoma kila wiki mmechoshwa na majigambo ya cheti changu, ambacho nimeshakionyesha nusu ya Nairobi pamoja na kuku wake. Basi jueni bila yeye nisingekuwa nacho.

Jioni alitufundisha, mchana alisomea shahada ya uzamili kuhusu galaksi, yale majiji ya nyota. Alisema hazikumwagwa ovyo angani: zimeshikana kama nyuzi, na katikati pana utupu mkubwa. Yeye aliunda anga ya kompyuta kwa kufuata nadharia ya jinsi galaksi zinavyozaliwa, kisha akailinganisha na anga halisi. Zikitofautiana, nadharia ina kasoro. Mwaka jana, siku mbili kabla ya kuwasilisha kazi, alileta ramani mbili, ya anga yake na ya anga halisi, mtaani kwetu Mashimoni, kwenye kibanda cha maji, akauliza foleni nzima ipi ni ya kweli.

“Hii ya kushoto ni uongo,” akasema mama muuza maji, mkono ungali kwenye mfereji. “Nukta zote zimebanana hapa. Hata kwetu nyumba hufuata maji, lakini kule maji hayafiki si bado unapata mmoja, wawili, wamejibanza? Huyu amewahamisha wote—”

“Ai, mathe, wewe jaza mtungi! Hii ni sayansi, si sukuma wiki,” nikamkata. Foleni ilicheka hadi mabati yakataka kung'oka. Mwalimu naye akacheka, kisha akanigeukia mimi msomi. “Na wewe je?” Nikatupa jicho moja. “Mapacha hao, mwalimu. Peleka.” Akapeleka.

Watahini wakamrudishia: galaksi zake zimebanana mno, na kwenye utupu haikubaki hata moja. Aanze upya. Amekufa akiwa bado anaanza upya, na sikuwahi kumwambia kwamba siku ile sikuziangalia ramani zile. Nilitaka kuchekesha watu tu.

Kwenye matanga nilimwendea yule mama nikamwomba msamaha. “Mimi nimezoea kunyamazishwa,” akasema. “Lakini yeye alikuuliza wewe, na macho ulikuwa nayo.” Mwenye macho haambiwi tazama, walisema wahenga, mimi niliambiwa, na bado sikutazama. Msomaji wangu, mtu akikuletea kazi yake uikague, amekuletea miaka yake. Kama huna nafasi, mwambie huna, aende kwa mwingine angali na muda.