Nati Mbili Ndani ya Gitaa

Mtaani wanamwita fundi huyu wa magitaa Taratibu, na si kwa kumsifu. Ukimpelekea gitaa Jumatatu ukalidai Jumatano, anakutazama kana kwamba umemwomba figo. Lakini hajawahi kurudisha chombo cha mtu kikiwa na jeraha jipya, ndiyo maana hao hao wanaomnung'unikia hawaendi kwingine.

Binti huyu kazi alifundishwa na baba yake, kwenye meza hiyo hiyo, tangu akikaa kitini miguu haifiki chini. Sasa mikono ya mzee inatetemeka, kwa hiyo kazi iliyombakia ni kukaa pembeni na kukosoa. Anaifanya kwa bidii zake zote.

Asubuhi hiyo mwalimu wa muziki alikuwa ameleta gitaa ambalo mzee mwenyewe aliliunda miaka thelathini iliyopita. Kati ya yote aliyowahi kuunda, ndilo pekee wanalojua liliko. Daraja lake, ule ubao mdogo unaobandikwa kwa gundi juu ya uso wa gitaa ili ushike nyuzi, lilikuwa limeanza kubanduka kwa nyuma. Ilibidi litolewe lote, libandikwe upya. Tatizo ni kwamba uso wa gitaa ni mbao nyembamba mno. Kisu kikipotea njia, mbao inachanika, na hakuna gundi wala vanishi ya kuirudisha.

"Baba, humu ulifunga bolti?" Taratibu aliuliza kabla hajaanza, akigusa vidoa viwili vyeusi juu ya daraja.

"Bolti? Huo urembo tu, mama. Mimi nabandika kwa gundi, sifungi mageti."

Taratibu akacheka, akaliacha. Gitaa la mtu mwingine yeyote angelimulika ndani kwanza kwa tochi na kioo. Lakini kukagua kazi ya baba huku baba anakutazama ni kumwita muongo bila kufungua mdomo.

Akafunika uso wa gitaa kwa kadi boksi lenye tundu la kutosha daraja tu, akaweka pasi ya moto juu ya daraja, akasubiri gundi ilainike. Gundi ilipoanza kunuka, alichovya majini kisu kipana kisicho na makali, akakipenyeza pale palipobanduka. Kikatembea vizuri, robo, karibu nusu. Kisha kikagota.

Alipasha tena, akajaribu upande wa pili. Kikagota tena. Alipokaza mkono kidogo tu, mbao ikalia, sauti ndogo kama ya ukucha unaokatwa, naye akaacha kusukuma.

"Sukuma," baba alisema.

"Kuna kitu, Baba."

"Hakuna kitu. Gundi ya miaka thelathini itakosa kuwa ngumu? Sukuma kabla haijapoa."

"Nitazame ndani kwanza."

"Utazame nini? Hili gitaa kaliunda nani, mimi au wewe?"

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema lolote kuhusu anayesikia akavunja gitaa. Taratibu alikuwa anaogopa, na hakujua anaogopa kipi zaidi, kuiharibu kazi pekee ya baba yake iliyobaki au kumuumbua mwenyewe. Gundi ilikuwa inapoa. Akasukuma unywele mmoja. Mbao ikalia. Akakichomoa kisu, akakilaza mezani.

"Nisamehe, Baba."

Akaingiza kioo na tochi kwenye tundu la gitaa. Nati mbili zilikuwa zimekaa pale, kila moja ina tone la nta juu yake ili isitetemeke gitaa likipigwa. Fundi anayetia nta kwenye nati alimjua mmoja tu, naye ndiye aliyemfundisha.

Miezi kadhaa alikuwa akijiambia usahaulifu wa baba yake ni uzee wa kawaida: chai kutiwa sukari mara mbili, funguo kuokotwa kwenye kopo la misumari. Lakini kazi ya mikono yake mzee hakuwahi kuisahau. Hapo Taratibu akaogopa kuliko alivyokiogopa kisu.

 Alizifungua nati kwa spana, akarudisha pasi, akasubiri tena, akapenyeza kisu huku na huku mpaka daraja likaachia. Likanyanyuka zima na bolti zake mbili. Uso wa gitaa haukuwa na hata mkwaruzo.

Mzee akanyoosha mkono, naye akampa. Akaligeuza daraja kwenye vidole vinavyotetemeka, akazipapasa bolti, moja, kisha nyingine.

"Nani kaweka hizi?"

Taratibu alikwepa macho yake, akaanza kuzifuta nati.

"Sijui, Baba."

"Kazifunga sawasawa kabisa," mzee alisema, akilisogeza daraja karibu na macho. "Huyu fundi hasa. Bado yupo?"

"Yupo, Baba," alisema, akavuta kiti akakaa karibu naye.