Kipande cha Babu

Zamani, watu wa Kurui walipoitana kulima, kila mtu alikatiwa ngwe, kipande chake cha kulima, kulingana na nguvu zake. Siku hizi mashamba yamegeuka viwanja, na wanaokatiwa ngwe ni kompyuta.

Mkataji ni mjukuu wangu Firdausi, mtengenezaji wa video za harusi pale Tangini, Kibaha. Ana kompyuta mbili mpya, moja ya makamo, na moja kongwe inayovuma kama mashine ya kusaga, ambayo ameipa jina langu: Babu Halidi. Video ndefu huikata vipande, kila kompyuta ikasafisha chake, kisha vyote vikaunganishwa.

Safari hii harusi ilikuwa ya mdogo wake, Zawadi. Jumamosi asubuhi mumewe, Bundala, angemchukua kwenda kwao Shinyanga, na mama yao, binti yangu Hajira, alitaka waitazame video pamoja kabla hawajaondoka. Akishaondoka, alisema, nitaitazama na nani?

Firdausi akagawa vipande sawasawa, kama nyama kwenye sinia la pilau. Kipande cha ndoa yenyewe akampa Babu, kwa heshima ya umri. Ijumaa mchana zile mpya zilikuwa zimeshamaliza, zimekaa bure kama vijana wa kijiweni, zikimsubiri Babu, ambaye hajafika hata pale shehe anapokohoa.

Nilipopiga simu kuulizia, Firdausi alinijibu, "Babu, anayetuchelewesha ni wewe."

Nikajiandaa kumpa somo la ngwe. Kumbe alikuwa ameshamnyang'anya Babu ile ndoa na kuikabidhi kompyuta mpya; Babu kaachiwa majina ya mwishoni, yale yasiyosomwa na mtu. Ndivyo tunavyofanywa.

Asubuhi televisheni ikatolewa barazani kwangu Kurui. Ilipofika ndoa, Zawadi alikuwa amemwegemea mama yake mkekani, Firdausi kakaa miguuni pao. Bundala, amesimama kando ya gari na funguo mkononi, akauliza kwa adabu kama bado sana.

"Kaa kwanza, shemeji," Firdausi alimwambia bila kugeuka. "Hapa ni kipande cha Babu. Hakiendi haraka."

Uongo mtupu, tena kwa jina langu. Lakini nikamsogezea kijana kiti, akaketi, akaweka funguo chini. Ndiyo mara ya mwisho kuwaona wale watatu, mama na wanawe, kwenye mkeka mmoja.