Lundo Lililopungua Nyuma ya Jiko

Mtaa mzima ulimwita Kufuli, na wala hakuchukia. Jembe lake lilikuwa na kufuli, pipa la maji lina kufuli, hata kabati la sukari, na tangu mumewe afariki hakuna mwingine aliyekunywa chai mle ndani. Alikuwa mpishi wa shule mpaka alipostaafu, na jikoni kule, alisema, ndiko alikojua kwamba binadamu ana mkono mrefu. Ukimsalimia kwa uchangamfu alijiuliza unataka nini.

Sasa mtu wa namna hiyo umpe kitu cha bure, si utamtia homa? Wifi yake, dada wa marehemu, alifuga ng'ombe na kuku upande wa pili wa ua, na kila akisafisha banda alimletea samadi. "Chukua wifi, utie shambani." Hakungoja hata ahsante. Kufuli alipokea huku amenuna. Ana lake huyu, alisema moyoni.

Msimu wa kwanza aliitia mbichi vilevile, kinyesi cha kuku kikiwa bado na unyevu, akakibandika shinani mwa kila mche wa mahindi. Mahindi yakaungua, majani yakakauka ncha hadi kikonyo. Loo, ushahidi huo! Samadi imetiwa kitu. Kuanzia hapo kila akikaribishwa chai kwa wifi, alisingizia tumbo.

Kabla ya msimu wa pili bwana shamba alipita, akamwambia hakuna sumu wala nini, samadi mbichi ina moto, lazima ioze kwanza. Akamwonyesha namna ya kupanga: mabua makavu chini, samadi juu yake, majani mabichi, majivu kidogo, maji, halafu unaanza upya mpaka lundo likufike kifuani. Ulifunike kwa nyasi, uligeuze kila baada ya muda. Alieleza na mengine, ila hayo Kufuli hakuyasikia. Alikuwa akimchunga bwana shamba anavyomtazama jogoo wake.

Lundo likapandishwa nyuma ya jiko. Shamba lenyewe lilikuwa limechoka, mahindi yake kama vidole, na mwanawe alikuwa ameshatoa kauli: likigoma tena, mama anahamia kwetu. Akakae kwa mkwe! Apakuliwe chakula asichojua kimepikwaje! Hapana. Lundo lile ndilo lililosimama kati yake na jiko la mkwewe, na kila asubuhi alilitazama kabla ya kunawa uso.

Likaanza kushuka. Leo liko kifuani, mara kiunoni, mara, jamani, magotini! Kufuli akazunguka akitweta. Nani kama si wifi, ambaye mboga zake zilikuwa zimestawi ghafla upande ule wa ua? Akamwaga majivu kuzunguka lundo ili anase nyayo. Akakuta nyayo za kuku. Kuku wa nani? Wa wifi. Ikamtosha.

Alimfuata bombani, mbele ya wanawake na ndoo zao. "Wifi, unanipa mchana halafu unazunguka kunyang'anya? Lundo langu liko wapi?"

Wifi akaweka ndoo chini taratibu. "Samadi niliyokubebea mwenyewe kichwani, ndiyo nije niiibe?"

"Ndiyo maana ulikuwa unaitoa bure!"

Mtu mmoja akacheka, wengine wakainamisha macho. Wifi aliondoka bila kujaza maji. Kuanzia siku hiyo samadi ya banda lake ilikwenda kwa jirani wa ng'ambo, na Kufuli akazidi kuamini: mwenye hatia ndiye anayekimbia.

Bwana shamba aliporudi, alitumbukiza mkono katikati ya lundo, akatabasamu. "Limeiva, mama."

"Limeiva wapi, na wifi kaniachia nusu?"

"Hakuna aliyegusa hapa. Samadi ikiiva inanywea, si nilikwambia? Wewe mpishi bwana! Mboga za majani zikijaa sufuria, zikipata moto zinabaki kiasi gani?"

Kufuli alilitazama lundo. Mboga alizowahi kupika, sufuria kwa sufuria, zote zilimjia. Alipobaki peke yake akachimba mpaka chini. Ilikuwa nyeusi, laini, haina harufu tena. Akakaa pembeni yake, aibu imemshika mpaka masikioni, akalia.

Mahindi ya msimu ule yalimtoa jasho kuyabeba. Mwanawe aliyaona, akanyamaza kuhusu kuhama. Lakini ardhi ingetaka kula tena, na Kufuli alipouliza samadi huku na huku, kila mtu alikuwa na udhuru. Nani ampe, aje asutwe bombani? Akajaza kapu mahindi mabichi, akaenda kwa wifi.

"Nilikukosea, wifi. Nisamehe."

Wifi alipokea kapu, akalitua mlangoni. "Samadi nitakupa. Ila siku ya kuja kuchukua, njoo na shahidi. Mtu unayemwamini. Aone ninachokupa, na aone kwamba sikirudii."

Kufuli alirudi nyumbani akitafuta shahidi kichwani. Jirani wa ng'ambo? Hapana, ana macho ya kuibia. Mke wa fundi baiskeli? Muongo yule. Mwanawe? Ataambiwa la kusema na mkewe. Aliwapita wote mtaa mzima, mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa na kasoro yake. Alifika mwisho, akashtuka.

Kesho yake alisimama mlangoni kwa wifi na ndoo mbili, peke yake.

"Shahidi yuko wapi?" wifi akauliza.

"Nimemtafuta," Kufuli akasema. "Sina mwingine, wifi. Ni wewe tu."