Aliyerudi Kumchukua Mama wa Mwenzake

Habari ilinifikia nikinyolewa hapa Kamembe, upande wa Rwanda. Kinyozi alipokea simu, akazima mashine, akanitazama kwenye kioo. "Mzee, ule maman wa tomati amekufa," alisema. "Bamemupiga masasi huko ngambo, juu ya kamyo." Risasi, na juu ya lori! Nilitoka na kichwa kilichonyolewa upande mmoja, nikasimama barabarani nisijue naelekea wapi. Siku chache tu kabla yake alikuwa ameniuzia nyanya na kunikemea kwa kuchagua sana. Hata sasa ninapoandika, akili yangu inakataa.

Wengi wenu mlimjua kwa sura. Alikuwa mjane, mzaliwa wa Kivu Kusini, Kongo, ambaye kwa miaka mingi alinunua nyanya kwa wakulima wa Nyakarenzo, akavuka nazo mpaka wa Rusizi ya Kwanza na kuzifikisha mbali kupita Bukavu, kwenye soko lililokuwa jirani na kambi ya askari wa kigeni wa kulinda amani. Askari hao hakuwapenda. Aliona magari yao yakipita huku vijiji vikiibiwa, na hakuficha kwamba kwake walikuwa wanakula bure. Lakini siku walipofungasha, wenzake sokoni wakiimba kwa furaha, yeye alimwendea mkalimani na kumwomba amuulize ofisa swali moja. Alinisimulia mwenyewe alipopita kwangu.

"Nilimuuliza, nyinyi munaenda, hii njia munaachia nani? Akasema, jeshi ya inchi yenu. Nikamuambia, papa, ile jeshi yenyewe inatembeaka nyuma yenu."

"Si wewe uliyetaka waondoke?" nikamwambia.

"Nilitaka bafanye kazi," akajibu. "Kufanya kazi na kuenda haiko kitu moya."

Hazikupita wiki nyingi, wenye bunduki wakateremka kutoka milimani na kukuta kambi tupu. Sisi wa upande huu tulizoea kuamini kwamba ya ng'ambo ni ya ng'ambo. Soko lile lilipofungwa, nyanya za Nyakarenzo zilianza kuoza shambani, na wapagazi wa mpakani wakakaa kutwa juu ya magunia matupu. Kisha wakaja watu wenyewe, na magodoro vichwani. Miongoni mwao alikuwamo muuza ndizi aliyewahi kupanga meza moja na marehemu sokoni, pamoja na watoto wake. Marehemu aliwapokea katika vyumba vyake viwili vya hapa Kamembe bila kuuliza watakaa mpaka lini. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na urafiki wake haukuishia hapo.

Mama mzazi wa yule muuza ndizi alikuwa amebaki kule. Miguu yake ilikuwa imevimba, hakuweza kukimbia na wenzake. Binti alitaka kurudi kumchukua. "Nilikuwa tayari ku njia," aliniambia msibani, "akanishika mukono. Akasema, wewe uko na batoto badogo, bangu bamekomaa. Bakia." Basi marehemu mwenyewe akapanda lori lililokuwa likienda kuchukua viazi.

Alimpata bibi akiwa hai, lakini yeye hakurudi hai. Tulimzika huko Nyakarenzo. Mafundi Waislamu wa Kamembe walichonga jeneza, wakulima wakachimba kaburi. Bibi yule aliletwa amebebwa kwenye kiti, na hakuna aliyemwomba aseme neno. Alisema mwenyewe. "Alinikalisha mbele, karibu na shofere. Ile nafasi ilikuwa yake. Yeye akapanda juu ya biazi. Tulikuwa karibu kufika ku muji, nikasikia masasi." Binti yake akamfunika mabega kwa kitenge.

Sisemi askari wa kigeni wangekaa milele. Hakuna nchi inayopenda kulindwa na wageni mpaka wajukuu wazeeke, na marehemu angekuwa wa kwanza kunicheka nikiandika hivyo. Kinachonishtua ni jinsi kuondoka kwao kulivyoharakishwa, kana kwamba barabara ile haina watu, na kana kwamba hatari ikishaachiliwa hufika mpakani ikasimama kugongewa muhuri. Wanaokaa kwenye meza za maamuzi, wa kwao na wa kwetu, na wajue hili: anayeondoa mlinzi kabla ya kumweka mwingine humwachia kazi hiyo mtu asiye na silaha. Safari hii alikuwa mjane, muuza nyanya.