Nilivyodhaniwa Mlevi Siku ya Kumposea Gideoni

Aibu nitakayoisimulia ilinipata mbele ya watu wazima waliovaa nguo za ibada, na kama ningeweza kuificha ningeificha, lakini walioishuhudia ni wengi na kila mmoja ana namna yake ya kuisimulia, basi ni afadhali niiseme mwenyewe.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, tulipokwenda upande wa Kyerwa kumposea Gideoni, mtoto wa kaka yangu Zakaria. Baba wa binti, Mzee Rwegasira, alikuwa Mlutheri wa uamsho aliyekwisha kutamka kwamba Merabu wake hataolewa katika nyumba ya walevi, na kaka yangu (nasema hili kwa upendo) alikuwa mnywaji wa rubisi, pombe yetu ya ndizi, anayejulikana kutoka Kanoni hadi Omurushaka. Ndiyo maana nilichaguliwa mimi kuwa mshenga, mimi mwalimu wa shule nisiyepata kuonja pombe maishani. Zakaria nilimwamuru anyamaze tangu tunaingia hadi tunatoka, ijapokuwa yeye ndiye mkubwa.

Tulisafiri siku moja kabla juu ya lori la mizigo, miguu yangu ikaning'inia mchana kutwa, ikavimba hata viatu vikakataa kuvalika. Asubuhi nikaona ni busara nipitie chemchemi ya maji moto ya Mtagata, ambako watu huja kutoka mbali kuoga kwa ajili ya maradhi yao. Niliketi humo maji yakinifika shingoni, na nilijisikia vizuri kiasi kwamba wenzangu waliponiita niliwaambia wasubiri, nikaendelea kukaa (huo ndio uamuzi mdogo ulioniponza). Nilipotoka, uvimbe ulikuwa umepungua. Na kwa kuwa najua vikao vya posa ni virefu, sikunywa hata chai.

Tukapokelewa, tukapewa punje za kahawa za kutafuna, kama ilivyo desturi, nikaanza hotuba niliyoiandaa kwa uangalifu. Sikufika mbali. Haja ndogo ilinibana kama niliyekunywa mtungi mzima, nikaomba ruhusa, nikaenda nyuma ya migomba, nikarudi, nikaanza upya, nikaomba tena.

"Mwalimu, huko nyuma ni kwema?" akaniuliza Mzee Rwegasira nilipoomba ruhusa mara ya tatu.

"Kwema, Mzee. Ni haja ndogo tu."

"Ndogo haiji mara tatu," akasema shangazi wa Merabu, mwanamke mnene aliyeketi karibu na mlango, na wanawake wakafunika midomo kwa kanga.

(Miaka kadhaa baadaye daktari mmoja alinieleza kilichonipata, nami naandika kama nilivyomwelewa. Maji yakimzunguka mtu hadi shingoni huibana miguu na kuisukuma damu kuja kifuani. Moyo ukitanuliwa na damu hiyo hudhani mwili mzima umejaa maji kupita kiasi, kwa hiyo vyumba vyake vya juu hutoa homoni inayoziagiza figo zimwage chumvi, na chumvi ikitoka huondoka na maji. Homoni hiyohiyo hulegeza mishipa, na shinikizo la damu hushuka. Miaka yote nilikuwa nikiamini kwamba moyo ni pampu tu. Kumbe nao hutoa amri, na siku ile ulizitoa kwa uaminifu mbele ya wakwe.)

Niliposimama tena dunia ilizunguka. Nilinyoosha mkono kushika nguzo, nikaikosa, nikaangukia mapajani mwa shangazi.

"Mimi nilishaolewa, Mwalimu," akasema. "Anayeposwa yuko ndani."

Kicheko hakikudumu, kwa sababu Mzee Rwegasira alikuwa amesimama. "Kumbe hata wewe," akasema taratibu. "Basi chukueni fimbo zenu." Kutoka chumba cha ndani nikasikia binti akilia, na Gideoni akainamisha kichwa, nami nilipotaka kujitetea ulimi ulikuwa mzito, jambo ambalo halikunisaidia.

Hapo Zakaria akaivunja amri yangu.

"Mzee, niliambiwa ninyamaze kwa sababu mlevi wa ukoo huu ni mimi, na ni kweli. Lakini ulevi naujua. Huyu mdogo wangu amenikemea tangu tukiwa vijana. Kama angekuwa amekunywa leo, mimi ningekuwa wa kwanza kufurahi. Mnuseni."

Shangazi akaniinamia. "Pumua." Nikapumua, mtu mzima na kanzu yangu, ukoo mzima ukinitazama.

"Kahawa tu," akatangaza. "Na njaa." Kisha akaniletea mchuzi wa maharage wenye chumvi nyingi, akaninywesha kama mtoto.

Mzee Rwegasira aliketi, akamgeukia kaka yangu. "Wewe umejisema mwenyewe ukweni, bila kulazimishwa," akamwambia. "Maliza posa." Zakaria akaimaliza kwa maneno machache kuliko yangu, na Merabu tukapewa.

Njiani kurudi nililazimika kusimama tena na tena, na Zakaria, ambaye alikuwa na haki ya kunicheka hadi Kanoni, alisimama kila niliposimama, akageukia upande mwingine kana kwamba anakagua mashamba ya watu. Kuoga sasa naoga nyumbani, kwa beseni. Na nimeapa kwamba sitamhukumu mtu kwa mwendo wake kabla sijamkaribia kiasi cha kuisikia pumzi yake.