Waya Uliopita Darini

Leonard Yurkonis alikuwa na miaka sitini na minane aliponifungulia mlango asubuhi ile ya Oktoba 2007, na sijawahi kumwona mtu mzima akimwogopa fundi wa kebo namna ile. Mkono alionipa ulikuwa wa baridi. Nikadhani anaumwa.

Sisi watu wa Lattner, huku kwenye milima ya makaa ya mawe ya Pennsylvania, wengi tunaishi nyumba pacha. Ukuta ni mmoja, familia moja huku, nyingine kule, na baraza la mbele limegawanywa kwa kiuzio cha mbao kinachofika kiunoni. Upande wa kushoto waliishi Len na mkewe Irene. Kulia aliishi Regina Dombroski, mjane wa Stash, aliyekuwa mchimba makaa.

Len alishona kola kwenye kiwanda cha mashati mpaka kilipofungwa, kisha akaendesha basi la shule miaka kumi na tisa. Jumapili yeye ndiye aliyepitisha kikapu cha sadaka kanisani. Mtu akiokota pochi barabarani, alimpelekea Len kabla ya kufikiria polisi. Ndivyo alivyojulikana mjini.

Aliyeleta habari ya kifurushi kipya ni Irene. Binti yao Marlene, aliyehamia Arizona, alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, na Irene alikuwa amesikia kwamba siku hizi mtu anaweza kuongea na mwanawe huku anamwona kwenye kompyuta. Kampuni ya kebo ikatupa kipeperushi kila mlango. Irene akakaa nacho mezani jikoni, na miwani yake na kalamu, akizungushia hiki na kukata kile.

"Hiki hapa kina runinga, intaneti na simu, vyote kwa pamoja," alisema. "Na kupiga Arizona ni bure, hata ukiongea mpaka ulimi uvimbe."

"Hatukihitaji," Len akajibu.

"Wewe hukihitaji. Mimi nina mjukuu sijamwona hata ukucha."

"Basi tuchukue intaneti peke yake. Kebo si tunayo?"

"Ndiyo maana itakuwa rahisi, mwenzangu! Nawapigia sasa hivi, wanatazama akaunti yetu, wanaongeza tu."

Len akamnyang'anya simu, akasema atawapigia yeye, mambo ya namna hiyo yanataka utulivu. Irene akacheka. Hakujua kwamba hapakuwa na akaunti yoyote.

Mambo yalianza mwaka 1984, kiwanda kilipofungwa. Miezi mitatu baadaye, kwa kuwa hakulipa, kampuni ya kebo ilimkatia Len. Mtu alipanda nguzo mchana, akakata, akaenda zake, na watoto waliporudi shuleni wakakuta runinga imekuwa nyeusi. Len aliwaambia imeharibika, ataitengeneza. Aliona aibu kumwambia mkewe kwamba hata hilo limemshinda. Alhamisi iliyofuata, Regina na Stash wakiwa harusini, alipanda darini. Kule juu, kati ya nyumba yake na yao, hapakuwa na ukuta wa matofali, mbao tu zenye nafasi. Akapenyeza mkono, akakata waya wa Dombroski, akaweka kigawanyi, kidude cha kugawa laini moja kuwa mbili, alichonunua dukani, akavuta waya wa pili upande wake. Watoto wakapiga makofi. Irene akamwita bingwa.

Alijiambia ni kwa mwezi mmoja. Alipopata kazi ya basi, alijiambia atakwenda ofisini Ijumaa. Alimwambia Irene kwamba anapitia kaunta ya kampuni kila mwezi kulipa, na Irene hakuwa na sababu ya kumshuku. Ijumaa zikapita miaka ishirini na tatu.

Siku chache kabla sijaenda, alijaribu kuuondoa ule waya. Alifika katikati ya ngazi, goti likakataa.

"Unatafuta nini huko?" Irene akamwuliza kutoka chini.

"Mapambo ya Krismasi."

"Oktoba?"

Akashuka. Kwa hiyo nilipofika mimi, waya ulikuwa pale pale.

Nilianzia nje kwenye nguzo, kama kawaida. Waya wa Yurkonis ulikuwa umekatwa na kuning'inia, na kibandiko chake kikiwa kimefifia kwa jua la miaka. Nikaingia ndani. Sebuleni runinga ilikuwa imewashwa, watu wanashindana kukisia bei za majokofu. Nikaitazama runinga, nikakumbuka nguzo. Irene akanikatia kipande cha mkate mtamu wa njugu na kuniuliza kama nina watoto.

"Nitaangalia darini, mama," nikasema.

Niliuona mara moja. Kigawanyi cha bei rahisi, gundi ya utepe wake imekauka na kugeuka unga. Nilipoufuata kwa tochi kupitia zile mbao, nikajua ni laini ya nani. Nyumba ile ya pili nilikuwa nimeitwa mara mbili, Stash akiwa bado hai. Regina alilalamika kwamba chaneli za juu zina chenga. Mara zote mbili nilipima sebuleni, nikabadilisha kiungio cha nyuma ya runinga, na sikupanda darini kwa sababu ilikuwa Julai na dari za nyumba hizi ni tanuri. Mara ya pili nilimwambia runinga yake imezeeka, wanunue nyingine. Wakanunua. Chenga zikabaki.

Niligeuka nikamkuta Len chini ya ngazi, ananitazama.

"Umeuona," akasema kwa sauti ya chini.

"Nimeuona."

"Irene hajui. Lakini wewe andika unachotakiwa kuandika. Sitakuomba kitu."

Nilikata ule waya, nikaiunga laini ya Regina vizuri, kigawanyi nikakitia mfukoni. Nikavuta waya mpya kutoka kwenye nguzo mpaka sebuleni, nikafunga king'amuzi, modemu na simu. Kwenye fomu niliandika: kazi imekamilika. Len alidhani nimemwonea huruma. Huruma ilikuwepo, lakini kidogo. Zaidi nilikuwa najificha mimi mwenyewe.

Kabla sijaondoka tulijaribu kompyuta. Uso wa Marlene ukatokea, kisha kichwa kidogo kisicho na nywele, kinapiga miayo. Irene akafunika mdomo kwa mikono miwili.

"Len! Njoo umwone! Ana kidevu chako!"

Len alikuwa jikoni, amesimama mbele ya sinki, bomba linatiririka bure. Alikuja, akatazama kidogo, akasema ni mtoto mzuri, akarudi jikoni.

Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe, kipande kipande. Kesho yake, kabla ya chakula cha mchana, Regina aligonga mlango. Ameshika sahani ya pierogi, zile sambusa laini za viazi za Kipolandi, zimekaangwa na vitunguu kwenye siagi, na uso wake unang'aa.

"Jirani, hutaamini! Runinga imepona!"

"Imepona?" Len akasema.

"Chaneli zote! Safi kama dirisha! Nimeona mpaka mikunjo ya yule mtangazaji anayejipaka rangi. Nikajiambia lazima yule fundi wenu amegusa kitu kizuri huko nje, na kama si nyie kuagiza kifurushi, ningekufa na chenga zangu. Kuleni, kuleni zikiwa moto." Halafu akaongeza: "Laiti Stash angekuwepo."

Len akapokea sahani. Alijua Regina anasema nini. Kiangazi cha 2003, mapafu ya Stash yalipokwisha kwa vumbi la makaa, walimwekea kitanda sebuleni ili atazame mechi za besiboli za timu ya Phillies. Mpira wa besiboli ni mdogo, na katika zile chenga hauonekani kabisa. Stash aliishia kusikiliza na kukisia. Na aliyeitwa mara kwa mara kuja kusaidia alikuwa Len. Alikuja na vipande vya karatasi ya alumini ya jikoni, akavibandika nyuma ya runinga, akaipiga ubavuni, akasogeza hiki na kile. Stash alikuwa akisema, "Asante, Len. Afadhali kidogo." Haikuwa afadhali, na Len alijua kwa nini. Ilikuwa imebaki kupanda tu darini na kuchomoa. Lakini kuchomoa kungetaka kumweleza Irene kwa nini runinga imezimika, na kila siku alisema kesho. Stash akafa Agosti.

Pierogi zikapoa mezani. Irene aliporudi kutoka sokoni akamkuta Len amekaa nazo, hajavua hata kofia.

"Nani kafa?" akauliza.

Akamweleza yote, tangu ile Alhamisi ya harusi. Len alipomaliza, Irene alinyanyuka, akafunika ile sahani kwa karatasi, akasimama ameipa meza mgongo.

"Miaka yote hiyo," alisema, "nimekaa natazama runinga ya Regina. Na nilikuwa nampelekea supu Stash, nasema maskini, hata runinga yao haifanyi kazi."

"Irene..."

"Nenda kamwambie. Usinitume mimi. Na usithubutu kusema ulifanya kwa ajili yetu."

Kutoka mlango wake mpaka wa Regina ni hatua tisa. Len aliniambia alizihesabu. Regina akamkaribisha kwa furaha, akataka kumwonyesha picha ilivyo safi. Len akakataa kukaa. Akasema akiwa amesimama, amekunja kofia mkononi, na hakusema ni kwa ajili ya nani.

Mwanzoni Regina hakuelewa. "Waya gani?" Kisha akaelewa sehemu yake, akapunga mkono, karibu acheke: "Ah, Len, jamani. Ungeomba tu, Stash angekuvutia yeye mwenyewe." Halafu akaushusha ule mkono. Len alimwona anarudi nyuma katika kichwa chake, mwaka mmoja baada ya mwingine, mpaka akafika kwenye kile kitanda.

"Ulikuwa unakuja," akasema. "Na zile karatasi zako. Alikuwa anakushukuru."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

Regina alizima runinga. "Toka nyumbani kwangu, Len."

Majira yote yale ya baridi Regina hakumsemesha Len. Na Irene alisemeshwa kwa salamu tu. Len alimwachia mtu mwingine kikapu cha sadaka, akakaa viti vya nyuma. Watu wakafikiri ni goti. Siku moja alikwenda ofisi ya kampuni, akapanga foleni, akamweleza binti wa kaunta kila kitu. Binti akabonyeza vitufe.

"Akaunti yako imeanza mwezi wa kumi, baba. Haina tatizo."

"Mimi nazungumzia kabla ya hapo."

"Kabla ya hapo hauko kwenye mfumo."

"Ndicho ninachokuambia, mwanangu. Sikuwemo, lakini nilikuwa natazama."

Binti akamtazama jinsi mtu anavyomtazama mzee aliyepotea njia, akampa kipeperushi cha vifurushi vya majira ya baridi. Len akatoka nacho. Alikuwa amejiandaa kwa faini, kwa polisi, hata kwa jina lake kutokea gazetini. Hakujiandaa kwa mtu asiyetaka kumsikia.

Ndipo aliponitafuta. Alinikuta ndani ya gari langu la kazi karibu na posta, nakula sandwichi, akagonga kioo.

"Kwa nini hukuniandika?"

Nikafikiri kumdanganya. Kisha nikamwambia habari ya Julai mbili na dari ambayo sikuipanda. Nikamwambia nilichomshauri Regina kuhusu runinga mpya. Alikuwa ameingia na kukaa kwenye kiti cha pembeni, pumzi yake inatia ukungu kwenye kioo.

"Ungepanda," akasema mwishoni, "ungeniokoa."

Hakusema kwa kunilaumu. Lakini nilishindwa kumaliza sandwichi. Jumamosi ile nikaenda kwa Regina. Alinisikiliza mlangoni, hakunikaribisha.

"Wewe nilikupa kahawa," akasema. "Mara mbili." Akafunga mlango taratibu.

Theluji ilianza kuyeyuka Machi. Irene aliteleza barazani, akavunjika kifundo cha mkono, na Regina ndiye aliyesikia ukelele kwanza. Alivuka kiuzio kwa mguu wake mbovu, akamshika Irene, akamfokea Len kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitano: "Unasimama kama nguzo? Lete gari!" Tangu hapo akaanza kumsemesha mambo ya lazima: takataka, bomba, barua zilizopotea njia.

Agosti ilipofika Regina alimwita Len kupitia kiuzio. Gari lake lilikuwa gereji na alitaka kwenda makaburini, maana ilikuwa siku aliyofariki Stash.

"Nitakupeleka," Len akasema haraka mno.

"Sijakusamehe kwa niaba ya Stash. Sikiliza vizuri. Hilo si langu kulitoa."

"Najua."

"Langu mimi nimelichoka. Kununa kunachosha, Len, na mimi si kijana."

Kwenye lango la makaburi Regina alimwambia asubiri garini. Len akasubiri, vioo vimeshushwa, anamwona kwa mbali ameinama kwenye jiwe, anang'oa majani, anaongea. Aliongea kitambo kirefu, mara nyingine akitupa mkono kuelekea kwenye gari. Len aliniambia hajawahi kuvumilia kitu kigumu kama kukaa pale na kuonyeshwa kidole mbele ya marehemu. Angeweza kugeuza uso upande wa barabara. Hakugeuza.

Regina alirudi, akafunga mkanda, akapangusa udongo mikononi.

"Nimemwambia," akasema.

Len akaitikia kwa kichwa. Hakuthubutu kuuliza zaidi. Akawasha gari, na walipofika kwenye njia panda Regina akamwambia apitie duka la mikate, kabla halijafungwa.